Kikao Ulichokiacha Wazi

Kaka Bakari,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia, nasi in shaa Allah tunafuata. Siku ile walipokuchukua, wanaume walikwenda na jeneza, sisi wanawake tukabaki uani na mikeka yetu, kwa hiyo kaburi lako sijaliona. Waliotia udongo walipata kukuaga. Mimi maneno yangu yalibaki kifuani, na tangu hapo yamezidi kuwa mengi. Ulizoea kunitania kwamba hata ujumbe wa simu nauandika kama mtu anayekimbilia gari. Leo itakuwa barua ndefu, na si kila neno utalipenda.

Nianze na za nyumbani. Wifi Saumu hajambo kwa mwili. Amekaa eda, nguo zake nyeupe, mwezi wa tatu huu, na hatoki kuupita ua. Ofisi yetu ya Ukunda bado ipo ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na fundi wa chini bado anaijaribu injini saa ile ile ninayopigiwa simu na mteja. Kiti chako sijakikalia. Nimekisogeza dirishani nikaweka mtungi wa maji juu yake, asije mtu akakaa bila kujua. Wateja wanauliza kwa nini mtungi una kiti na wao wanasimama.

Nakumbuka uliponichukua. Nilikuwa napiga chapa barua za watu kwenye saiba ya stendi, na nilidhani kompyuta ni taipureta yenye taa. Somo lako la kwanza halikuwa na kompyuta hata moja. Ulinipeleka hospitalini tukaketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje, ukaniambia nitazame madirisha. Karani akishaipokea fomu ya mtu, hamwachi amesimama palepale. Anamwambia nenda dirisha la pili, jibu lako liko huko. Ukimwacha pale pale, ulisema, ataitoa fomu ile ile tena. Basi na sisi mtu akishatuletea ombi tunalipokea, kisha tunamwelekeza ukurasa mwingine. Ukaendelea kuniambia kwamba seva ni karani asiyekumbuka sura. Kila ombi likimfikia anamwona aliyeleta ni mgeni, hata kama alikuwa hapo dakika moja iliyopita. Kwa hiyo humpa mtu kuki, kama kijikaratasi chenye namba, na kila akija anakirudisha. Habari zake hubaki ndani kwa karani, chini ya namba ile. Hicho ndicho kikao, na kikao kina mwanzo na mwisho.

Nilielewa nusu. Nusu ya pili nilifunzwa na akina mama wa Kikoneni. Mfumo wetu wa kuwaandikia waja wazito siku za kliniki ulipoanza, hukuwa umeweka dirisha la pili. Mama mmoja kule bara, mtandao ukamsumbua, akaufungua ukurasa upya mara sita. Asubuhi yake Sista wa kliniki akatupigia simu kutuuliza kama kuna ndugu sita wa jina moja, mimba moja na nyumba moja. Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa kikoi. Ukarekebisha siku hiyo hiyo, na kutoka hapo ikawa mzaha wako: mtu akikuuliza chakula kiko wapi unamjibu "mia tatu na tatu, nenda jikoni," ile namba ambayo seva humwambia mtu aende kwingine. Wifi Saumu hakuipenda. Alikuwa akisema nyumba yake haina madirisha ya hospitali.

Lakini wewe mwenyewe uliigeuza hivyo. Kila alasiri ulikaa barazani kwako Msambweni na simu yako, na wasio na simu za maana walikuja: wa Kikoneni, wa Vanga, wa mtaa wa nyuma. Wewe ukiwa mkuu wa mfumo ulikuwa na ruhusa ya kumwandikia mtu yeyote. Unachagua jina la mama, kikao chako kinamshika yeye, na kila ombi baada ya hapo linahesabiwa ni lake, mpaka ubonyeze pale palipoandikwa Maliza. Ulikuwa ukibonyeza huku unapiga soga, kidole gumba chenyewe, bila kutazama. Ulikuwa na sifa mtaani kwa kazi ile. Hakuna aliyekuja kwako na tumbo akarudi bila siku yake.

Kisha ukafa. Alhamisi asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kifua kikakubana, gari likachelewa. Nimeandika kwa ufupi kwa sababu siwezi kuandika zaidi.

Siku tano baada ya hitima nilifungua kumbukumbu za seva, maana kazi haijui msiba. Nikaliona jina lako. Mtumiaji: bakari. Ameonekana mara ya mwisho: dakika nne zilizopita. Niliogopa, kisha nikafurahi, kisha nikasema ni mwizi. Nikakagua, nikaona simu ni yako na mtandao ni wa nyumbani kwako. Nikapanda gari mpaka Msambweni. Nilimkuta wifi Saumu mkekani, simu yako mkononi, na wanawake wawili wameketi mlangoni wakisubiri zamu. Juu ya ukurasa, kwa zile herufi za kijani ulizozichagua mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Karibu tena, Bakari.

Watu wote uliwapa kuki ya dakika ishirini. Yako uliipa siku tisini, kwa sababu ulichukia kuandika nywila, na nywila hiyo hukumwachia mtu. Nilimweleza wifi kwamba lazima nikifunge kikao, na kwamba nikikifunga hakuna atakayeingia tena kwa jina lako.

"Usimtoe, wifi," akaniambia. "Kila mama ninayemwandikia ni sadaka yake Bakari. Yeye hawezi tena kuchuma, mimi namchumia. Niachie mpaka nitoke eda."

Nikamwachia. Wewe uliyemfungia yule karani wa kliniki aliyeacha kazi kabla hajamaliza kuaga wenzake, wewe uliyenifunza kwamba mtu akiondoka kikao chake kinaondoka siku hiyo hiyo, mwanafunzi wako akakaidi. Na nisimsingizie Saumu peke yake. Mimi pia kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nafungua kumbukumbu nikalitazama jina lako. Ameonekana jana. Ameonekana leo saa tatu. Nilijua ni yeye, si wewe. Nilitazama tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwanaidi wa Kikoneni, mimba ya pili, miguu imemvimba, alifika kwa wifi kuandikiwa. Saumu akachagua jina lake, akamwekea Jumanne iliyofuata, ukurasa ukathibitisha, Mwanaidi akashukuru akaenda zake. Mlangoni alipishana na mwanamke wa Vanga aliyekuwa amefikia kwa jamaa zake hapo Msambweni. Na yeye aliomba siku. Siku zote Saumu alikuwa akirudi kwanza kwenye orodha ya majina; safari hii aliendelea kutoka ukurasa ule ule wa kuthibitisha, kama alivyokuona ukifanya. Ukurasa haukumwuliza jina, ukamwuliza siku tu, naye akashukuru Mungu kwamba kazi imekuwa nyepesi. Hakuijua Maliza. Nani angemwambia, na kidole chako kilikuwa kikiimaliza kazi ile huku mdomo uko kwenye mambo mengine? Kikao kilikuwa bado kimemshika Mwanaidi. Siku ya mwanamke wa Vanga ikaandikwa juu ya jina la Mwanaidi, na Jumanne ya Mwanaidi ikafutika.

Jumanne Mwanaidi alifika kliniki asubuhi na mapema. Akaambiwa siku yake ni wiki mbili mbele na orodha ya leo imejaa. Akasema hapana, mimi niliandikiwa leo. Wakamwambia basi ni mtandao, mama, rudi siku yako. Unajua sisi tulivyo: tukishaambiwa ni mtandao tunanyamaza, kama tumeambiwa ni kudura. Alirudi Kikoneni na miguu yake. Siku ya tisa kifafa cha mimba kilimshika. Walimfikisha hospitali kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Siku mbili baadaye Sista alinipigia kuuliza imekuwaje, kwa sababu familia inalalamika. Na unajua nilimjibu nini? Nilimjibu ni mtandao, Sista. Lilinitoka kabla sijafikiri. Kisha nikakata simu nikaenda kutazama, na yote yalikuwepo, ombi kwa ombi. Saa tisa na dakika arobaini, bakari, mgonjwa Mwanaidi. Saa kumi na dakika tisa, bakari, mgonjwa Mwanaidi tena, siku nyingine.

Nikafungua faili uliyoiandika. Nilitaka kujua kwa nini kikao hakimwachilii mgonjwa akishathibitishwa. Nikakuta pale pale panapotakiwa, kwenye zile alama za maelezo ambazo kompyuta haizisomi, umeandika: "Mtoe mgonjwa hapa. Nitarekebisha. Kwa sasa mimi nakumbuka."

Kaka, nilikukasirikia. Siwezi kukudanganya, nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai. Kwa sasa wewe unakumbuka. Kazi ya mstari mmoja! Niliuandika maji ya chai hayajachemka. Miaka minne ulipita juu ya maneno yako mwenyewe, ukinifunza mimi usafi wa kazi, ukinirudisha nyuma kwa mabano niliyosahau, na hili ukaliacha kwa sababu una kichwa kizuri. Nilikutukana pale ofisini, peke yangu, mbele ya mtungi. Kisha nikalia, maana somo la mwisho ulilonifunza bila kutaka ni hilo la "kwa sasa", na gharama yake imezikwa Kikoneni nyuma ya shamba la mihogo.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu zangu mbaya. Marehemu hasemwi. Ukitajwa Msambweni bado watu wanasema Mungu amrehemu, yule alikuwa mtu wa watu. Nikisema kweli, ni nani atakayenena tena hivyo? Na Saumu je, aliyedhani anakuchumia thawabu? Nikakaa kimya siku ya kwanza. Nikakaa ya pili. Nikajiambia mtandao haumuumizi mtu, kila mtu anautukana na kesho yake anaununulia bando. Lakini wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshafika mara mbili. Siku ya tano nilikwenda kwa wifi.

Nilimweleza polepole, kama ulivyonieleza mimi, na madirisha yako na kijikaratasi chako. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Basi ni mkono wangu, wifi?" Nikamwambia ni mikono mitatu, na wake ndio mdogo kuliko yote. Sijui kama alinisadiki. Nikafungua kompyuta yangu palepale mkekani. Aliomba aishike simu wakati nafanya. Nilikifuta kikao chako kwenye seva, Kaka, mstari mmoja, na hakuna sauti iliyotoka. Akaugusa ukurasa. Haukumkaribisha. Ulimwelekeza ule wa kuingilia, wenye visanduku viwili vitupu, jina na nywila. Akavitazama. Akailaza simu kifudifudi akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, kama ambaye ndiyo kwanza habari zinamfikia. Nilikaa naye mpaka alasiri.

Kesho yake nilikwenda Kikoneni. Nilimkuta Mwanaidi uani akipukuchua mahindi, amekonda, kilemba kimefungwa vibaya. Tulisalimiana, akanipa kigoda. Nikamwambia mimi ni Mejumaa, mfumo ule tuliutengeneza wewe, Kaka, na mimi, na kwamba siku ile haikuwa mtandao, ila siku ya mwanamke wa Vanga iliandikwa juu ya jina lake. Nililitaja jina lako. Nikalitaja langu, nikasema kwamba nilikiona kikao kiko wazi wiki tatu nzima nikakiacha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Njiani nilikuwa nimeyapanga matusi yake yote kichwani ili yasinishtue.

Hakutukana. Aliendelea na mahindi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akapangusa mikono kwenye leso.

"Na yule mwenzangu wa Vanga," akasema, "siku yake ilipofika, walimwita jina gani?"

Kaka, sikuwa nimejiuliza. Wallahi sikuwa nimejiuliza. Nilizisoma zile kumbukumbu mpaka macho yakaniuma na nilichoona ni Mwanaidi na wewe. Nilimpigia Sista pale pale uani. Akasema ndiyo, siku hiyo waliita Mwanaidi mara tatu, hakuna aliyeitika, wakaendelea na wengine. Nikamwuliza, kulikuwa na watu benchini? Akasema benchini kuna watu kila siku. Mama wa Vanga alikuwa ameketi pale akisubiri kusikia jina lake, na jina lake halikuwa mahali popote. Halikuwa kwenye orodha, wala kwenye seva, wala kwenye simu yako, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliandika. Atakuwa aliambiwa ni mtandao.

Na ubaya wenyewe ni huu. Siku niliyoligundua kosa, siku yake ilikuwa bado siku tatu. Siku tatu nzima ningeweza kumtafuta. Nilizitumia kulilinda jina lako.

Nilimwambia Mwanaidi hivyo hivyo. Hakunisamehe, na sikumwomba. Aliingia ndani akarudi na ndizi amezifunga kwenye gazeti, akaniambia hizi ni za kumpelekea huyo wa Vanga nikimpata, kwa sababu alipishana naye mlangoni akaona tumbo la mwenzake ni kubwa kuliko lake. Nimezibeba mpaka Ukunda. Ziko hapa mezani na zinaanza kuiva.

Mfumo nimeurekebisha. Mgonjwa anatolewa kwenye kikao mara tu anapothibitishwa, kabla ya kuelekezwa ukurasa wa pili. Mkuu wa mfumo naye ana dakika ishirini kama watu wengine. Jina linaonyeshwa kwa herufi kubwa juu ya kila ombi, na anayeandika lazima alisome kwa sauti mama alisikie. Kliniki nimeipelekea maelezo yote kwa maandishi, na humo umo wewe na nimo mimi. Wengine wameacha kukuombea rehema wakikutaja, nisikufiche. Wengi bado wanakuombea. Maneno yako kwenye faili sijayafuta. Nimeandika chini yake tarehe na jina la mtoto. Baba yake alikuwa amempa jina, Sefu.

Nimemwuliza wifi Saumu anakumbuka nini cha yule mwanamke. Mwembamba, mimba ya nne, leso ya rangi ya machungwa, anacheka akiziba mdomo. Jamaa aliofikia kwao hakuwataja. Basi hayo ndiyo niliyonayo. Kesho asubuhi naenda Vanga, na barabara unaijua. Nitauliza nyumba kwa nyumba mwanamke aliyekwenda kliniki akakaa benchini asiitwe. Huenda amejifungua salama. Huenda nikaonyeshwa kaburi. Siendi kwa sababu nina moyo mwema, naenda kwa sababu Mwanaidi aliuliza na mimi sikuuliza.

Pumzika, Kaka Bakari. Mungu akusamehe ulilolisahau, anisamehe mimi nililolikumbuka nikaliacha. Uliyonifunza ninayo, na hasira yangu ninayo pia. Nadhani vitakaa pamoja. Nakuahidi sitarudi kutoka Vanga mpaka nimempata, yeye au waliomzika. Na nikimpata, kabla ya salamu zako, kabla ya kuomba radhi, kabla ya ndizi, nitamwuliza anaitwa nani.

Mwanafunzi wako,
Mejumaa